SAFU NI DHAMANA

(Mazungumzo kwa waandishi vijana wa magazeti)



Katika gazeti kuna kazi mbili ambazo wasomaji wengi huzichanganya. Ripota huleta habari: nani amefanya nini, wapi na lini. Mwandishi wa safu huleta maoni juu ya habari hizo. Ripota akikosea jina la mtu, kesho yake gazeti husahihisha na mambo yakaisha. Mwandishi wa safu akipotoka, kosa lake hukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa msomaji wake hakuarifiwa tu, bali alishawishiwa. Ndiyo maana safu ni dhamana, kama cheo kilivyo dhamana. Sehemu ile ya ukurasa yenye jina la mwandishi si milki yake. Ameaminiwa na wasomaji, na wao wana haki ya kumdai hesabu.

Historia ya nchi hii inao mfano mzuri wa deni hilo. Mwezi Mei 1958, kijarida cha Sauti ya TANU kilichapisha makala yenye lawama kali juu ya Ma-DC wawili wa kikoloni. Mhariri wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU. Serikali ya kikoloni ilimshitaki kwa kosa la jinai la kashfa. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam mwezi Julai na Agosti, na wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea. Hukumu ilikuwa faini ya Sh. 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wakati huo Gavana mpya, Richard Turnbull, ndiyo kwanza alikuwa amewasili, na duru ya kwanza ya uchaguzi wa kura tatu ilikuwa ifanyike Septemba. Faini ililipwa, na Mwalimu akarudi kazini.

Wengi hukumbuka kesi hiyo kama kisa cha ushujaa, nao hawakosei. Lakini kwa mwandishi wa safu kuna mafunzo mengine ndani yake. Kwanza, aliyeandika hakujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Pili, mahakamani hakuna nafasi ya maneno kama "kila mtu anajua" au "inasemekana". Ni kweli kwamba mahakama ile ilikuwa ya mkoloni, na sheria ilitungwa na walewale waliolaumiwa. Hata hivyo, mwandishi anayejifunza tu kwamba wakubwa huweza kuonea, akasahau kwamba kila sentensi ya lawama inahitaji shahidi wake, amejifunza nusu ya somo. Tatu, gharama ya makala haimwangukii mwandishi peke yake. Kifungo cha miezi sita kingaliwanyima wanachama kiongozi wao wakati wa uchaguzi.

Mkoloni amekwisha ondoka, lakini safu bado ina hatari zake. Hatari kubwa ya leo ni sifa za bure. Mwandishi husikia kwamba zahanati mpya imefunguliwa, naye hukaa mezani na kuandika maneno mia saba ya pongezi. Hakuuliza kama dawa zipo. Hakuuliza kama mganga amefika, wala mama mjamzito hutembea mwendo gani kuifikia. Wanakijiji wanaoijua zahanati hiyo wakisoma makala yake, wataacha kuliamini gazeti zima, na baadaye hawataliamini hata linaposema kweli. Hivyo msifu-wote huliumiza gazeti la Chama kuliko adui anavyoweza kuliumiza.

Haitoshi kujitetea kwamba gazeti la Chama halina budi kusifu. Serikali ilipolichukua gazeti la The Standard tarehe 5 Februari 1970, Mwalimu, akiwa Rais wa nchi, alieleza kwa maandishi kwamba gazeti hilo lingeitetea siasa ya Ujamaa, na pia lingekuwa huru kukosoa utekelezaji wake. Aliyeandika hivyo ndiye yuleyule aliyepata kusimama kizimbani kwa ajili ya makala. Tena, miongoni mwa ahadi za mwanachama ipo ya kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikumsamehe mwandishi wa safu.

Kuna jambo la pili ambalo huwashinda wengi: kuidumisha safu. Safu ya kila wiki huandikwa mara 52 kwa mwaka. Anayetegemea kichwa chake na vitabu alivyosoma Chuo Kikuu hukaukiwa baada ya miezi michache, kisha huanza kujirudia na kuficha ukavu wake kwa maneno mazito. Anayepanda basi pamoja na watu, akasimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga na kuuliza bei sokoni, haishiwi.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mwandishi aliyelijua jambo hilo vyema. Wahome Mutahi, katika safu yake ya Jumapili iliyoitwa "Whispers", alibuni nyumba moja ya kawaida yenye baba, mama na watoto. Kwa ugomvi na vituko vya nyumba hiyo aliicheka jamii nzima, wakubwa na wadogo. Mwaka 1986 alikamatwa na kutiwa gerezani kwa madai ya kuhusika na kundi la Mwakenya. Alipotoka aliendelea kuandika, hadi alipofariki Julai 2003. Watu walimpenda kwa sababu walijiona wenyewe katika nyumba ile.

La mwisho ni njaa. Wengi wanaoandika safu hulipwa kwa makala, tena malipo madogo, na wengine huyangoja kwa miezi. Hapo ndipo bahasha hupita mlangoni. Anayeipokea hafanyi tena kazi ya msomaji, hata kama jina lake bado limechapwa palepale. Gazeti linalotaka safu safi halina budi kumlipa mwandishi wake kwa wakati. Kumhubiria uadilifu mtu mwenye njaa ni kukwepa wajibu.

Ndugu waandishi, kabla ya kupeleka makala kwa mhariri, mwandishi na ajiulize swali moja: je, angeweza kusimama katika kijiji au kiwanda alichokiandika, akaisoma kwa sauti mbele ya wenyeji wake, tangu mwanzo hadi mwisho? Ikiwa kuna sentensi ambayo angeiruka kwa aibu au kwa hofu ya kuulizwa ushahidi, sentensi hiyo aifute, au arudi kwa wenyeji akaulize upya.