Uchovu sugu: je, tulipie mafunzo ya ubongo?

Ndugu wanakamati, nanyi wafadhili wetu,

Mmeuliza kama tumlipie mgonjwa wa uchovu sugu ada ya mafunzo ya ubongo. Yanayojulikana zaidi ni Lightning Process, yaliyobuniwa Uingereza na Phil Parker. Kwa siku 3 mgonjwa hufundishwa kukatiza mawazo ya ugonjwa na kujiambia maneno ya afya.

Mwaka 2017 utafiti uliofanywa Bristol ulionyesha vijana wakipata nafuu. Lakini mwaka 2019 jarida lililouchapisha lilitoa masahihisho marefu: kipimo kikuu kilikuwa kimebadilishwa wakati vijana wengi wamekwisha kuandikishwa. Oktoba 2021 NICE, taasisi ya miongozo ya tiba Uingereza, ilielekeza wagonjwa hawa wasipewe mafunzo hayo.

Ugonjwa huu una tabia mbaya: mtu akijikaza leo, kesho au keshokutwa huzidiwa, pengine kwa wiki nzima. Anayefundishwa kusema amepona atajikaza. Akianguka, ataambiwa hakuamini vya kutosha. Lawama hiyo sisi watu wa kanisa tunaifahamu!

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Fedha hizo zimlipe msaidizi wa kuchota maji na kufua, mgonjwa apumzike kabla hajachoka. Jumuiya imtembelee kwa zamu, dakika chache tu.