Mikono inajua, karatasi haiko



Leo tuongee juu ya mafundi ba umeme wa motokari ba Katuba, Kenya na Ruashi, hapa Lubumbashi. Kijana anafundishwa na mukubwa wake mu karaji: demarere, alternatere, kutafuta waya yenye kukatika kwa taa ya kupima tu. Miaka kumi inapita. Motokari yenye ilishinda bengine, yeye anaiwasha. Akienda kuomba kazi ku kampuni ya mugodi, wanamuuliza: «Diploma iko wapi?» Anarudi.

INPP iko tangu 1964, na hapa kwetu iko. Hatuombi zawadi. Kule Tanzania, VETA inapima ujuzi wa fundi wa mtaani na kumupatia cheti, bila kumurudisha ku masomo ya miaka mingi.

Kwetu pia fundi apimwe mbele ya motokari yenye kuharibika. Maswali iulizwe na mu Kiswahili. Bei ibandikwe ku mulango, kila mutu aisome. Na mukubwa wa karaji aitwe shahidi: yeye ndiye anajua nani alijifunza, nani alikuwa anapita tu.

Mafundi, mutuletee majina yenu na miaka ya kazi. Tutayaweka mu barua.