Kulalamika kwenye koridori haitoshi

Wamama na wababa wenye kufanyia Leta kazi, na nyinyi vijana wenzetu,

Tunasema leo juu ya jambo moja: namna gani mfanyakazi wa Leta anaweza kulalamika na akasikiwa.

Hali tunaijua wote. Kuna wale wanaitwa "nuveli inite": wanaingia buro kila asubuhi, miaka inapita, bila mshahara. Kuna wenye mshahara lakini primu haifike. Wanalalamika wapi? Kwenye koridori, kwenye taksi, kwenye WhatsApp. Siku shefu anaulizwa, anajibu: "Mimi sijapata barua yoyote." Na ni kweli.

Kwanza, tujue sheria. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 haiongoze mfanyakazi wa karieri wa Leta. Yeye iko na sheria yake, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016. Muitafute, muisome pamoja.

Pili, andika. Barua inaanzia kwa shefu wa karibu, halafu inapanda ngazi. Toa kopi mbili: moja inabaki, ingine inarudi na wewe ikiwa na muhuri, tarehe na sinyatire. Weka tarehe na makaratasi ya ushahidi. Matusi, apana.

Tatu, usiandike peke yako. Mtu mmoja ni rahisi kumuhamisha mbali. Buro nzima ni vigumu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinapatia kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa petisyo, peke yake ao pamoja na wengine. Wanapashwa kujibu katika miezi 3, na hakuna mtu wa kushitakiwa juu ya hiyo. Imeandikwa "kila Mkongomani", haikuandikwa "kila mwenye matrikile". Kifungu cha 38 kinalinda sendika. Cha 39 kinakubali mgomo, kwa kufuata sheria.

Nne, fuatilia. Mwaka 2004, kule Mbudi, serikali na sendika walipatana mshahara wa chini uwe dola 208. Zaidi ya miaka 20 imepita, na wafanyakazi wangali wanadai. Karatasi yenye haifuatiliwe inalala. Hesabuni siku, rudini kuuliza.

Wengine wanatuambia: "Nyinyi hamuna kazi, hii inawahusu nini?" Inatuhusu. Mfanyakazi asiyelipwa anatafuta chakula mufukoni mwa raia, na karatasi ya bure inakuwa ya pesa. Na nafasi tunayongojea na diplome zetu, kuna mzee anaishikilia kwa sababu akienda pensheni, atakufa njaa. Haki yake ndiyo mlango wetu.

Basi, juma hili, kila buro iandike barua moja. Wenye kukosa namna ya kuiandika, mutuite, tutakaa chini pamoja. Bila fujo, bila woga.

Barua moja, majina mengi, na muhuri juu yake.