Kelele za Usiku Mitaani na Sheria Inayofunga Ofisi Saa Tisa na Nusu

Mada kwa semina ya wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata na maofisa afya

Wajumbe wa semina hii hawahitaji kufundishwa kelele ni nini. Kwa ajili ya kumbukumbu tu, mada inashika maana iliyozoeleka: kelele ni sauti asiyoitaka anayeisikia, yenye kumkera au kumdhuru. Hupimwa kwa desibeli, na ongezeko la desibeli 10 si dogo hata kidogo, kwa sababu nguvu ya sauti inakuwa imezidi mara kumi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri sauti ya chumbani isizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Mwaka 2011 shirika hilohilo lilikadiria kuwa nchi za Ulaya Magharibi hupoteza kila mwaka miaka isiyopungua milioni moja ya maisha yenye afya kwa sababu ya kelele za usafiri. Shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, kukosa usingizi na watoto kushindwa kusoma ni madhara yanayofahamika, na mada haitayarudia.

Sheria nazo zipo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, ambazo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, linazisimamia. Viwango hivyo vinatofautiana kwa eneo: hospitali na shule ziko chini kabisa, makazi yanafuata, viwanda viko juu, na usiku kiwango hushuka. Zipo Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, zinazozipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Katiba yenyewe, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maskani yake. Mtu asiseme kwamba nchi haina sheria ya kelele.

Swali ambalo mwandishi wa mada hii amehangaika nalo kwa miaka ni jingine: saa nne ya usiku, sheria hiyo iko wapi?

Ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Kelele zinazowakosesha watu usingizi huanza saa nyingi baadaye. Kila mwenyekiti aliyeko ukumbini anaufahamu mwenendo wake. Nyumba iliyokuwa ya kuishi imegeuzwa baa, spika mbili kubwa zimewekwa barazani zikitazama barabara, na ukuta wa jirani uko hatua chache tu. Ijumaa usiku muziki unafunguliwa. Jirani mwenye mgonjwa anampigia mjumbe, mjumbe anampigia mwenyekiti, mwenyekiti anapiga kituo cha polisi. Doria ikipata nafasi kati ya matukio ya wizi na ajali, inafika, muziki unapunguzwa, gari linaondoka, na kabla halijafika barabara kuu besi imerudi palepale. Jumatatu jirani anapeleka barua ofisi ya mtaa. Barua inakwenda kata, inakwenda halmashauri. Afisa anakuja kukagua Jumatano saa nne asubuhi, anamkuta mhudumu anapiga deki. Taarifa inaandikwa kwamba hakuna ukiukwaji uliobainika.

Afisa huyo hakudanganya. Aliandika alichokikuta, na hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo: kila mmoja katika mnyororo ametimiza wajibu wake, na mgonjwa bado hajalala.

Chanzo cha kwanza ni kipimo. Kanuni zinazungumza kwa desibeli, kwa hiyo shauri la kelele linataka kipima sauti kilichohakikiwa na mtu aliyefunzwa kukitumia. Maofisa wengi wa kata hawana chombo hicho, na pale kilipo hukaa kabatini makao makuu hadi kiombwe kwa barua. Wizi huacha mlango uliovunjwa na ugomvi huacha jeraha. Kelele haiachi kitu asubuhi, na asiyeipima inapopigwa hawezi kuipima tena. Simu za mkononi zina programu za kupimia sauti, na wananchi huja nazo wakiwa na matumaini makubwa, lakini vipimo vyake havijahakikiwa na wakili wa upande wa pili huviangusha kwa swali moja.

Chanzo cha pili ni nyumba zetu wenyewe.  Dar es Salaam dirisha ni nondo na wavu, limeachwa wazi kwa ajili ya joto, na nyumba nyingi za uswahilini hazina dari, hivyo sauti hupita juu ya ukuta chini ya bati. Mahali pa wazi sauti hupungua kama desibeli sita kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili. Kiwanja cha kawaida hakina umbali huo. Mlio wa besi ndio mkaidi zaidi, hupenya hata tofali.

Chanzo cha tatu, na hapa mada inaomba isieleweke vibaya na ofisi yoyote, ni mgawanyo wa madaraka. Leseni ya biashara iko kwa afisa biashara. Leseni ya vileo inafuata Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ambayo ndiyo inayopanga saa za kuuza. Vibali vya burudani vinapitia kwa maofisa utamaduni. Kero ya afya iko kwa afisa afya, viwango vya kelele kwa watu wa mazingira, na usalama wa usiku kwa polisi. Mlalamikaji huzunguka milango hiyo yote na kila mlango humwelekeza kwa jirani yake. Halmashauri yenyewe hupata mapato kutokana na baa ileile inayolalamikiwa. Kulisema hili si kumtuhumu mtu. Ni kukiri kwamba anayekusanya ada hawezi kuwa mwepesi wa kufunga.

Mwaka 2023 NEMC ilifungia kwa muda baa na kumbi za starehe kadhaa kwa sababu ya kelele, zikiwamo za Dar es Salaam zenye majina makubwa. Hatua ile ilionyesha kwamba sheria ina meno, na wakazi wa jirani walilala. Lakini operesheni huanza na huisha, na baraza la taifa haliwezi kukesha katika kila mtaa.

Wananchi wenyewe hujaribu. Katika mikutano ya mtaa huazimia kwamba muziki wa sherehe uishe saa sita, kwamba ngoma ya kigodoro isikeshe barabarani, kwamba gari la matangazo lisipite karibu na zahanati. Maazimio huandikwa vizuri kwenye muhtasari na kugongwa muhuri. Hayana nguvu ya kisheria. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Mkazi wa kijiji cha mbali ana chombo ambacho mkazi wa Manzese au Buguruni hana, ilhali spika ziko Manzese na Buguruni. Sheria ndogo ya mjini lazima ianzie kwenye baraza la madiwani, itangazwe ili wananchi watoe maoni, ipate idhini ya waziri mwenye dhamana, kisha ichapishwe katika Gazeti la Serikali.

Wenzetu wamepita njia hii kwa namna mbalimbali. Kenya iliweka katika Katiba ya mwaka 2010 kwamba udhibiti wa kelele ni kazi ya serikali za kaunti, na kanuni zake za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, kiwango cha nje ya makazi kikishuka kutoka desibeli 50 hadi 35. Rwanda, kuanzia Septemba 1, 2023, iliagiza baa zifungwe saa saba usiku siku za kawaida na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Saa ya kufunga haihitaji kipima sauti. New York inapima muziki wa baa ndani ya nyumba ya jirani, usizidi desibeli 42. Uingereza, chini ya sheria yake ya mazingira ya mwaka 1990, afisa wa halmashauri anaweza kutoa amri ya kukomesha kero kwa kusikiliza na kutumia utaalamu wake, bila namba yoyote ya desibeli.

Mfano huo wa mwisho ndio ambao mwandishi anauona unatufaa zaidi.

Kuhusu nyumba za ibada, mada itakuwa fupi. Mikesha ya maombi na vipaza sauti vya misikitini ni jambo nyeti, na uhuru wa dini umelindwa katika ibara ya 19 ya Katiba yetu. Mwaka 2018 Kigali ilifunga mamia ya makanisa kwa sababu za ubora wa majengo na kelele, na vipaza sauti vya adhana vikazuiwa katika eneo la Nyarugenge. Mtaani kwetu mazungumzo na viongozi wa dini yamekuwa yakizaa matunda zaidi ya barua. Sharti ni moja: kipimo cha baa na cha nyumba ya ibada kiwe kilekile, la sivyo hakuna atakayetii.

Mapendekezo yafuatayo yanawasilishwa kwa heshima zote.

Kila halmashauri itunge sheria ndogo yenye kigezo cha sikio: muziki unaosikika waziwazi ndani ya nyumba ya jirani baada ya saa iliyotajwa uwe kosa, na ushahidi wa afisa pamoja na wakazi wawili wa nyumba tofauti utoshe. Desibeli zibaki kwa mashauri makubwa ya viwanda na kumbi.

Awepo afisa wa zamu ya usiku, angalau Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa sikukuu, mwenye namba ya simu inayobandikwa kwenye mbao za matangazo za mitaa, na mwenye posho. Bila posho hatatoka, na kumlaumu si haki.

Kipima sauti kiwe kwenye kata, kihakikiwe kila mwaka. Ukaguzi wa lalamiko la usiku ufanyike usiku. Jambo hili limeshagusiwa hapo juu na linarudiwa kwa makusudi, kwa sababu ukaguzi wa mchana ndio unaoangusha malalamiko mengi.

Leseni isihuishwe kabla ofisi ya mtaa haijathibitisha kwa maandishi kwamba hakuna lalamiko la kelele lililobaki bila majibu. Mlalamikaji awe na mlango mmoja tu wa kugonga, na ofisi zisambaziane barua zenyewe. Spika zielekezwe ndani, zisikae barazani. Vibali vya sherehe viandikwe saa ya kuzima muziki, na mwenye sherehe aweke saini. Maazimio ya mikutano ya mitaa yapelekwe rasmi kwa madiwani yawe malighafi ya sheria ndogo, yasiishie kwenye faili. Jina la mlalamikaji lihifadhiwe, maana wengi hunyamaza kwa kumwogopa jirani mwenye baa.

Na afisa wa zamu awepo usiku. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kifungu kisichoingia kwenye bajeti za kata miezi kadhaa kabla ya hapo kitasubiri mwaka mwingine. Wenyeviti na watendaji mlioko hapa mnaombwa kuliweka pendekezo hili kwenye ajenda ya kikao cha kwanza cha kata mtakachokaa baada ya semina hii, na kudai jibu la maandishi.