Rafiki Naye Ni Mfiwa: Kukabiliana na Kifo cha Ghafla cha Mtu wa Karibu

Mada iliyowasilishwa kwa viongozi wa vijiwe vya bodaboda, vikundi vya kuweka na kukopa, viongozi wa dini na wenyeviti wa mitaa, Kata ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mtu aliyeondokewa ghafla na rafiki yake. Katika misiba yetu tunajua cha kumfanyia mjane, yatima na mzazi. Wana mkeka wao, wana watu wa kulala nao matangani, wana pole yao. Rafiki hana mkeka. Yeye ndiye anayefunga turubai, anayekwenda kukodi viti, anayezunguka na daftari la michango, anayeshika jembe makaburini. Jioni ya maziko anarudi kwake, na pengine hakuna hata mmoja aliyempa pole, kwa sababu kutwa nzima alionekana kama mtu wa kazi.

Hoja yangu ni moja. Rafiki ni mfiwa, na sisi tuliokaa humu tunaweza kumpa nafasi yake msibani bila kusubiri sheria mpya wala fungu kutoka halmashauri.

2. Sheria na mazoea yanavyomwona rafiki

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, inampa mfanyakazi ruhusa ya angalau siku nne zenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Aliyeajiriwa akifiwa na mtu aliyekula naye sahani moja miaka ishirini, anategemea huruma ya bosi. Na kijana wa bodaboda hana hata wa kumwomba ruhusa, maana hesabu ya siku inamngoja jioni kama kawaida.

Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alitoa kitabu kuhusu aina hii ya majonzi, yale ambayo mtu anayo lakini jamii haiyatambui. Alieleza kwamba asiyetambuliwa kuwa mfiwa hubeba mizigo miwili, ule wa kufiwa na ule wa kuficha kwamba amefiwa. Naujua mzigo huo. Nilipofiwa na rafiki yangu nilikabidhiwa daftari la rambirambi, nikaandika majina ya watu na kiasi walichotoa tangu asubuhi hadi usiku. Kazi ile ilinisaidia kusimama. Lakini msiba ulipokwisha sikujua niende kulia kwa nani, kwa kuwa wenye haki ya kulia walikuwa wamekwisha kuhesabiwa.

3. Kifo cha ghafla kina uzito wake

Mgonjwa wa muda mrefu huwapa walio karibu naye nafasi ya kuulizana, kusameheana na kuagana. Kifo cha ajali hakitoi nafasi hiyo. Asubuhi mmetaniana kijiweni, saa sita unapigiwa simu. Akili hukataa. Mtu hupiga namba ya marehemu ili asikie kama itaita. Husikia mlio wa pikipiki akageuka akidhani ni yeye. Hakosi usingizi tu, hukosa hata ladha ya chakula, kifua kikambana, hasira zikamwakia mtu asiyehusika. Haya yote ni ya kawaida katika wiki za mwanzo, na ni vema mfiwa aambiwe hivyo, maana wengi hujiona wanachanganyikiwa.

Kuna na lawama ya nafsi: “Ningemzuia asitoke.” “Abiria yule nilimwachia mimi.” Aliyebaki hutafuta dakika moja ambayo angeweza kuibadili. Msimkatishe kwa kumwambia ni kazi ya Mungu kabla hajamaliza kusema. Imani ni nguzo kubwa katika misiba yetu, lakini msikilize kwanza, kisha ndipo umwombee.

4. Msamvu, Agosti 2019

Hapa Morogoro hatuhitaji mfano wa mbali. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka. Waliofariki, pamoja na waliofia hospitalini siku na wiki zilizofuata, walizidi 100. Wengi walikuwa vijana, na miongoni mwao walikuwamo waendesha bodaboda. Majeruhi wa hali mbaya walipelekwa Muhimbili. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza maziko katika makaburi ya Kola. Sikukuu ya Idi ilikuwa mlangoni.

Nataka tuwatazame marafiki waliobaki. Wapo waliopoteza zaidi ya mwenzao mmoja kwa siku moja. Wapo ambao hawakuuona uso wa marehemu kwa jinsi miili ilivyoungua. Na wapo waliosikia mitaani maneno ya kwamba waliokufa waliyataka wenyewe. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, na methali hiyo ilifaa kumwonya aliye hai. Ikisemwa mbele ya mfiwa inamnyang'anya kilio chake. Kijana aliyemzika mwenzake huku akisikia mwenzake akiitwa mwizi atanyamaza, na ukimya wake tutaudhania kuwa amesahau.

Vilevile tunasema kifo cha wengi harusi. Ni kweli kwamba kulia pamoja kunapunguza upweke. Lakini kila aliyesimama Kola siku ile alikuwa na mtu wake mmoja aliyemjua kwa sauti, kwa madeni na kwa utani wake. Maombolezo ya taifa yana mwisho uliotangazwa. Ya mtu mmoja mmoja hayana.

5. Kilichomo katika desturi zetu

Wapo watakaosema kumpa rafiki cheo msibani ni jambo la kigeni. Naomba tutazame milima iliyo mbele yetu. Katika Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, na kila ukoo una watani wake katika koo nyingine. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia James Boyd Christensen alichapisha utafiti kuhusu utani wa Waluguru, akaonyesha kwamba haukuwa mzaha mtupu. Ulikuwa na wajibu ndani yake, na msibani ndipo wajibu huo ulipoonekana zaidi. Mtani, ambaye si wa ukoo uliofiwa, ana kazi katika maziko na ana ruhusa ya kusema na kutenda ambayo ndugu wa damu hawana. Anaweza kumfanya mama aliyekaa siku mbili bila kula acheke, ale.

Desturi hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mtu asiye wa damu anaweza kuwa na nafasi rasmi msibani, tena nafasi inayoheshimiwa. Pili, kicheko na kilio vinaweza kukaa chini ya turubai moja. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika kwamba mfiwa hupona kwa kwenda na kurudi kati ya majonzi na shughuli za maisha. Saa hii analia, saa ijayo anafuatilia ada ya mtoto, kesho anacheka, keshokutwa analia tena. Watani walilifanyia kazi jambo hilo zamani. Kwa hiyo mkimwona aliyefiwa na rafiki akicheka kijiweni baada ya wiki moja, msiseme hakumpenda.

6. Mambo ya kufanya

Habari yenyewe. Kiongozi wa kijiwe au wa kikundi amfuate rafiki wa karibu kabla habari haijazagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Amketishe, amwambie kwa neno lililo wazi kwamba fulani amefariki, akae naye. Picha za ajali zisisambazwe. Picha moja inaweza kubaki machoni pa mtu kwa miaka.

Siku za msiba. Familia iombwe kumpa rafiki jambo moja lisilo la ubebaji wa viti: asome sehemu ya wasifu wa marehemu, atoe neno fupi, au akae na wafiwa hata kwa saa moja. Pale dini na familia zinaporuhusu, aulizwe kama anapenda kumwona marehemu, na jibu lolote liheshimiwe.

Msafara wa bodaboda. Vijana wetu wanapomsindikiza mwenzao kwa honi na pikipiki nyingi, hicho ni kilio chao. Tusiwagombeze kana kwamba ni fujo. Tuweke utaratibu: helmeti kichwani, mwendo mmoja, asiwepo aliyekunywa, na aliyekesha bila usingizi apande nyuma ya mwenzake. Siku ya kumzika mtu wa ajali isituletee ajali nyingine.

Madeni na vikundi. Mara nyingi rafiki ndiye mdhamini wa marehemu kwenye kikoba, ndiye anayejua pikipiki ya mkataba imelipiwa kiasi gani, na ndiye aliyekopeshana naye bila karatasi. Ugomvi wa fedha ukiingia, huzuni hugeuka uadui na rafiki hufukuzwa hata kwenye arobaini. Kila kikundi kiandike mikopo na wadhamini mapema, na familia imwite rafiki katika kikao kinachotaja madeni, akiwepo mjumbe wa mtaa.

Baada ya arobaini. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Hitima imesomwa au misa imeshafanyika, matanga yameanuliwa, watu wametawanyika. Nashauri kila kikundi kimpange mtu mmoja wa kumpitia aliyefiwa na rafiki, mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu. Asiende na hotuba. Aulize, “Unalala? Unakula? Hebu nisimulie habari zake.” Amtaje marehemu kwa jina. Wanaume wetu wamelelewa wakiambiwa mwanaume halii, na wengi wao hulilia ndani ya chupa. Mtu akimtembelea kila wiki ataliona hilo mapema.

Dalili za kuomba msaada. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, majonzi makali yanayomzuia mtu kuendesha maisha yake kwa zaidi ya miezi 6, na kupita yale ambayo mila na dini yake zinatarajia, yanahesabiwa kuwa tatizo linalotibika. Apelekwe Kituo cha Afya Mafiga au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe. Lakini mtu anayesema anatamani kumfuata marehemu hasubirishwi hata siku moja. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

7. Kuendeleza kilichoachwa

Mji huu umeshuhudia vifo vya ghafla vya watu wakubwa. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi ile ikaendelea kupiga. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, katika mkoa wetu, na mwaka huohuo chuo kikuu cha kilimo hapa mjini kikapewa jina lake. Katika kila tukio waliobaki walikuta kazi iliyokatika katikati, wakaishika. Rafiki wa kawaida naye anaweza kushika kitu: kumpitia mama wa marehemu kila mwezi, kumnunulia mtoto wake daftari, kuimaliza biashara waliyoianza pamoja. Asilazimishwe wala asiharakishwe. Lakini akiwa tayari, aungwe mkono.

8. Mapendekezo

Ndugu washiriki, naomba semina hii ikubaliane mambo manne. Kila kijiwe na kila kikundi kichague mtu mmoja wa kupeleka habari za msiba na kuwafuatilia marafiki wa marehemu. Viongozi wa dini, wanapotaja wafiwa katika dua na sala, wawataje na marafiki. Waajiri na wenye pikipiki wa kata yetu waombwe kumpunguzia hesabu au kumpa ruhusa aliyefiwa na rafiki wa karibu, hata kwa siku mbili. Na sisi sote, kuanzia msiba ujao, tukimwona yule anayefunga turubai, tumshike mkono tumwambie pole kabla hatujamuuliza viti viko wapi.