Dawa ya Kuvuta na Usingizi wa Mgonjwa wa Pumu: Mazingatio kutoka Mbulu na Hanang

Mtu mwenye pumu hukosa usingizi kwa sababu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa, yaani ugonjwa wenyewe unapobana njia za hewa usiku wa manane, na dawa ya kuzifungua inapouchangamsha mwili kupita kiasi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sababu hizo zisipotenganishwa, mgonjwa huiacha dawa inayomponya na kuizidisha ile inayomnyima usingizi.

Mazingira ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, yanalipa jambo hili uzito wa pekee. Usiku katika nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, huwa wa baridi, hasa kati ya Juni na Agosti, na baridi hiyo huwafanya watu wafunge madirisha na kuota moto wa kuni ndani. Tembe za kale za Wairaqw, zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima, zilitunza joto vizuri, lakini zilitunza na moshi; na ijapokuwa nyumba za bati zimeenea, mafiga matatu hayajaondoka jikoni. Hewa ya baridi na moshi huichokoza pumu, na moshi uliovutwa kwa miaka mingi huweza kuleta ugonjwa mwingine, ule sugu wa kuziba njia za hewa.

Usiku wenyewe una sehemu yake. Mwili hufuata mzunguko wa saa 24, na mtu anapolala hupungukiwa na adrenalini, homoni inayosaidia kuziweka wazi njia za hewa, ndiyo maana njia hizo huwa nyembamba zaidi mnamo saa 10 alfajiri, wakati ambapo wagonjwa wengi huamka wakikohoa na kutweta. Salbutamoli, dawa ya inhela iliyozoeleka zaidi, hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6 tu, hivyo aliyeivuta saa 2 usiku huikuta alfajiri akiwa hana kinga. Tena, kwa kuwa dawa hiyo huiga kazi ya adrenalini, kiasi kinachoingia katika damu huharakisha mapigo ya moyo, hutetemesha mikono na kufukuza usingizi, na anayeirudia mara kwa mara hukesha kwa ugonjwa na kwa dawa pia.

Hata hivyo, inhela haistahili lawama ya kwanza. Mpulizo mmoja wa salbutamoli una mikrogramu 100, ilhali kidonge cha miligramu 4 kina kiasi hicho mara 40, nacho hulazimika kupitia damu ya mwili mzima ndipo kifike mapafuni. Aminofilini, kidonge kingine cha pumu, ina undugu wa kikemia na kafeini iliyomo katika chai na kahawa, na prednisoloni ikimezwa jioni badala ya asubuhi huweza kumfanya mgonjwa akodoe macho hadi usiku wa manane.

Tiba inayorudisha usingizi ni ile inayotuliza uvimbe, yaani steroidi ya kuvuta kama vile beklometasoni au budesonidi, ambayo hutumiwa kila siku hata dalili zinapotoweka, na mgonjwa husukutua kinywa baada ya kuivuta. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana wenye pumu watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta kwa wakati unaofaa, chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kandokando ya inhela, huifikisha dawa mapafuni badala ya kuiacha kooni, kama utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulivyoonyesha.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imehudumia Mbulu tangu mwaka 1955, lakini kwa kaya za bonde la Yaeda au za vijiji vya Hanang vilivyo mbali na Katesh, anayemwona mgonjwa kwanza ni mhudumu wa zahanati. Mhudumu huyo na amuulize kila mwenye pumu analalaje, kwa maana kuamka hata usiku mmoja katika majuma manne kwa sababu ya kifua kubana ni dalili kwamba ugonjwa haujadhibitiwa ipasavyo. Naye mgonjwa asiitupe inhela, bali airudishe zahanati na kuonyesha jinsi anavyoivuta.