ELIMU YA WATU WAZIMA: FUNZO KUTOKA NACHINGWEA

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mtu mzima anapokusudia kurudi darasani, mara nyingi kizuizi chake cha kwanza si ada wala umbali, bali ni aibu. Huona vibaya kukaa benchi moja na vijana, au kukosolewa na mwalimu aliye mdogo kuliko mwanawe.

Itazamwe Nachingwea, mkoani Lindi. Jina lake lilivuma kwanza kwa mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Katika miaka ya 1960 chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilipewa kambi huko. Wapiganaji, wengi wao wakulima wasiopata kwenda shule, walifunzwa silaha, na pia walifunzwa kusoma, kuandika na kulima. Samora Machel alitoka Nachingwea Mei 1975, na Juni 25 mwaka huo Msumbiji ikawa huru. Ikiwa mtu aliyekabiliwa na vita alipata saa ya kushika kalamu, mwenye amani ana udhuru gani?

Mwalimu Nyerere alieleza mwaka 1964 kwamba watu wazima waelimishwe kwanza, kwani matunda ya elimu ya watoto huchelewa miaka mitano, kumi, au hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 Masasi, jirani ya Nachingwea, ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga mapema. Tanzania Bara, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1986 walihesabiwa asilimia 9.6. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2012 ilionesha kuwa waliojua kusoma na kuandika, wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ni kiasi cha asilimia 78. Kisomo kisichotumiwa husahaulika, na kazi iliyoachwa njiani huanza upya.

Faida yake si ya heshima tu. Mkulima wa korosho anayesoma mwenyewe mizani na stakabadhi ya ghala hapunjwi kwa urahisi. Asiyesoma hutia dole gumba penye deni asilolijua.

Umri nao si hoja. Mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 84, na mwaka uliofuata akasema mbele ya Umoja wa Mataifa.

Aliyemaliza shule ya msingi asiendelee na sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kisha wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, husaidia wanafunzi wa namna hiyo.

Wakuu wa kazi wanaombwa wasimcheke mtumishi anayejiendeleza, bali wampangie zamu zitakazomwezesha kuhudhuria. Wake na waume nao wapeane nafasi nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kuinama mbele ya kitabu hakumpunguzii mtu mzima utu wake.